Mbwa wa Kanisani na Mpiga Ngoma wa White Hart: uchambuzi wa kisa cha Blythburgh

Blythburgh ni kijiji cha Suffolk, mashariki mwa Uingereza, pale barabara ya A12 inapovuka mto Blyth. Magari mengi hupita bila kusimama. Anayesimama huwa amefuata vitu viwili: baa ya White Hart iliyo kando ya barabara, na kanisa la Utatu Mtakatifu, jengo la karne ya 15 lililo kubwa mno kwa kijiji kile, limekaa juu ya kinamasi kama jahazi lililopwelewa. Kutoka baa hadi kanisani ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na kila upande una mzuka wake.

Mzuka wa kanisani ni mbwa mweusi, Black Shuck, anayedaiwa kuingia katikati ya ibada ya Jumapili, tarehe 4 Agosti 1577, akaua watu, kisha akatoka na kuacha alama za kucha zake za moto kwenye mlango wa kaskazini. Mzuka wa baa ni Tobias Gill, mtu mweusi, mpiga ngoma wa kikosi cha askari wapanda farasi cha Sir Robert Rich, aliyenyongwa mwaka 1750 kwa kosa la kumuua Ann Blakemore wa kijiji jirani cha Walberswick. Husimuliwa kwamba alifukuzwa White Hart akiwa chakari, akakutwa asubuhi amelala kando ya maiti, na kwamba hadi leo usiku wa giza huendesha gari jeusi la jeneza linalokokotwa na farasi wanne wasio na vichwa.

Kwenye matembezi ya jioni wawili hawa husimuliwa kwa pumzi moja na kwa sauti ileile ya kutisha. Hapo ndipo kosa lilipo. Kisa cha mbwa ukikimenya unakuta radi. Cha Tobias Gill ukikimenya unakuta kesi ya mauaji, yenye watu wawili wa kweli ndani yake. Hivi havistahili kusimuliwa kwa namna moja, na sababu inaonekana ukichukua kila dai na kuliuliza: nani aliliandika kwanza, na mwaka gani?

Mbwa: anza na tarehe

Kabla ya kuuliza kama mbwa aliingia, hakikisha siku yenyewe. Mwaka 1577 Uingereza ilikuwa bado ikitumia kalenda ya Juliasi. Kwa karne hiyo unaongeza siku 10 kupata tarehe ya kalenda tunayotumia sasa: 14 Agosti 1577. Kalenda yetu hujirudia kila miaka 400, siku kwa siku, kwa hiyo 14 Agosti 1577 iliangukia siku ileile na 14 Agosti 1977, nayo ilikuwa Jumapili. Tarehe imekaa sawa: siku ya ibada, watu wamejaa kanisani. Visa vingi vya mizuka huanguka kwenye jaribio hili la kwanza, kwa sababu mbunifu hakuangalia kalenda. Hiki hakikuanguka. (Wanaokesha mlangoni usiku wa 4 Agosti, basi, wanawahi kwa siku 10.)

Hatua inayofuata ni kuweka maandishi ya wakati ule mezani, moja kando ya jingine. Kuna kijitabu cha mwandishi Abraham Fleming kilichochapishwa London mwaka huohuo wa 1577, na kuna taarifa ya dhoruba ileile katika vitabu vya historia vya John Stow na vya Holinshed, waandishi wa zama hizohizo. Pia kuna daftari za kanisa la Mt. Maria la Bungay, mji ambao nao unadai mbwa yuleyule asubuhi ileile.

Fleming ndiye mwenye mbwa. Anasema mnyama alianzia Bungay, akapita katikati ya waumini waliopiga magoti, akawavunja shingo wawili, na mwingine akasinyaa kama kipande cha ngozi kilichochomwa. Kisha akatokea Blythburgh, akasimama juu ya boriti, akajirusha chini, akaua wanaume wawili na kijana mmoja, akaunguza mkono wa mtu mwingine.

Taarifa ya Stow haina mbwa hata mmoja. Kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, mchungaji akiwa anasoma somo la pili, radi ilipiga ukuta wa kanisa la Blythburgh, ikachimba ardhi karibu yadi moja, ikawaangusha watu zaidi ya 20 wa upande ule, ikapasua mlango, ikarudi kwenye mnara, ikararua mbao na kuvunja mitambo ya kengele. Watu walikutwa bado wamelala chini zaidi ya nusu saa baadaye. Waliokufa ni wawili: mwanamume wa zaidi ya miaka 40 na kijana wa miaka 15. Halafu dhoruba ikaelekea Bungay.

Sasa linganisha. Idadi ya wafu Blythburgh: 3 kwa mmoja, 2 kwa mwingine. Mwelekeo: Fleming anatoka Bungay kuja Blythburgh, Stow anatoka Blythburgh kwenda Bungay. Umbali: Fleming anaandika maili 7, wakati mstari mnyoofu baina ya miji hiyo unazidi maili 11, yaani karibu kilomita 18. Maili za mashambani za zamani zilikuwa ndefu kuliko za leo, lakini hata ukimpunguzia, hapo panasikika mtu wa London anayeandika kwa kusikia. Na mwenye kuandika umri wa marehemu, kina cha shimo na somo lililokuwa likisomwa ana habari za karibu zaidi kuliko mwenye kuandika shetani. Daftari za Bungay zinamaliza ubishi: zinawataja John Fuller na Adam Walker, waliouawa na tufani ndani ya chumba cha kengele wakati wa sala. Tufani. Hakuna mnyama.

Ukiisoma taarifa ya Stow kwa jicho la anayejua radi inavyoua, kila kitu kinakaa mahali pake. Mnara ndio kilele cha eneo zima tambarare, na fimbo za kukinga radi hazikuja hadi miaka ya 1750. Mkondo wa umeme hushuka kwenye mawe na mbao zenye unyevu, maji yaliyo ndani yanageuka mvuke kwa kufumba na kufumbua, na mvuke huo ndio unaopasua mlango na kurarua boriti. Umeme ukifika chini husambaa ardhini, ukapanda mguu mmoja na kushuka mwingine, ndiyo maana watu zaidi ya 20 wa upande mmoja walianguka pamoja bila kuguswa na kitu. Kulala nusu saa bila nguvu ni ganzi ya muda inayojulikana kwa manusura wa radi. Na wawili wa Bungay walifia chumba cha kengele, mahali pabaya kuliko pote kanisani wakati wa dhoruba.

Fleming alitaka nini basi? Toba. Kijitabu chake ni mahubiri yaliyovaa habari: Mungu amekasirika, shetani amefunguliwa mlango, tubuni. Jina Shuck halimo ndani yake. Jina hilo linaingia katika chapa mwaka 1850, pale mchungaji mmoja wa Norfolk alipoandika kuhusu mbwa wa kishetani wa njia za mashambani. Miaka 273 imepita hapo katikati. Mbwa asiye na jina wa Fleming na Shuck wa barabarani waliunganishwa baadaye, na leo kila mtu huwasimulia kama mmoja tangu mwanzo.

Mlango wa kaskazini

Watu huuliza: na alama je? Alama zipo, zinaguswa. Ni madoa meusi yaliyochimbika kwenye mbao za mwaloni, membamba, yamepangika kama vidole vilivyoburuzwa.

Radi haichori hivyo. Radi ikipita kwenye ubao hufuata nyuzi zake, hupasua, hurusha vibanzi. Alama fupi zilizotengana, kila moja na ukingo wake safi, ni kazi ya moto mdogo ulioshikwa kwa mkono. Alama za namna hiyo zimejaa katika nyumba za zamani za Uingereza, hasa milangoni, madirishani na juu ya meko, na wataalamu wa majengo wamezitengeneza upya kwa majaribio. Mshumaa ukiuweka karibu na ubao huacha masizi ya kufutika tu. Ili upate alama ya umbo la chozi yenye kina, ni lazima uinamishe mshumaa mpaka mwali uguse mbao, uushikilie dakika kadhaa, ukwangue makaa yaliyojitengeneza juu, kisha urudishe moto. Usipokwangua, makaa yanakuwa ngao na moto hauingii tena. Kwa hiyo hii haiwezi kuwa ajali ya mshumaa uliosahauliwa. Mtu alisimama pale na kuifanya kwa makusudi, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba watu walichoma hivyo ili kukinga jengo na moto na maovu. Inawezekana sana alama zinazoitwa za mbwa ziliwekwa ili vitu kama huyo mbwa visiingie.

Kanisa hilohilo limewahi kurekebisha simulizi jingine kwa ushahidi, na ni vizuri kulitaja papo hapo ukiwa ndani. Juu darini kuna malaika wa mbao, na miili yao ilikutwa na marisau. Kwa muda mrefu ilisemwa ni risasi za watu wa William Dowsing, mvunja sanamu wa Kipuriti aliyefika Blythburgh Aprili 1644 na kuamuru makerubi 20 washushwe. Kisha daftari za wazee wa kanisa zikasomwa vizuri: mwaka 1761 watu walilipwa kwa kuwapiga risasi kunguru wadogo waliokuwa wakikaa darini. Mtuhumiwa alikuwa maarufu, tendo lilifanana na tabia yake, na jibu lilikuwa ndani ya hesabu za baruti za kanisa lenyewe.

Mpiga ngoma

Hapa mwendo unapaswa kupungua, kwa sababu gazeti la Ipswich Journal liliripoti habari hii mwaka huohuo wa 1750. Tobias Gill hakubuniwa. Ann Blakemore hakubuniwa.

Kwanza, kwa nini askari walikuwa Blythburgh? Magendo. Pwani ya Suffolk miaka ya 1740 ilikuwa njia kuu ya chai, pombe kali na tumbaku visivyolipiwa ushuru, na vikosi vya wapanda farasi vilitumwa kuzuia. Na kwa nini baa? Kambi za jeshi zilikuwa chache mno. Sheria ya jeshi iliyokuwa ikipitishwa upya kila mwaka iliwalazimisha wenye nyumba za wageni, vilabu vya pombe na mabanda ya farasi kuwalaza askari na farasi wao. Ukisikia kwamba mpiga ngoma alilewa White Hart, usimfikirie mlevi aliyejipitia tu. Kwa askari wa wakati ule, nyumba kama ile ndiyo iliyokuwa makao.

Watu weusi katika ngoma za jeshi la Uingereza hawakuwa ajabu. Kikosi cha 29 cha askari wa miguu kilikuwa na wapiga ngoma weusi kuanzia 1759 hadi 1843. Walivalishwa mavazi ya rangi kali ili waonekane. Lakini mpiga ngoma alikuwa na kazi nyingine ambayo simulizi husahau: ndiye aliyeagizwa kuwachapa viboko askari wenzake waliohukumiwa. Basi mhesabu Tobias Gill pale kijijini. Ni askari aliyeletwa kuzima biashara inayolisha majirani, ni mtu wa viboko kwa wenzake, ni mgeni, na ni mweusi. Siku mambo yalipoharibika, nani angesimama upande wake?

Alishtakiwa katika mahakama ya mzunguko ya Bury St Edmunds mwezi Agosti. Ili kuelewa kesi hiyo ilikuwa na uzito gani, toa kichwani picha ya mahakama ya leo. Wakili wa mshtakiwa wa kosa kubwa, kama alikuwepo, hakuruhusiwa kuzungumza na jopo la raia kumtetea. Ruhusa hiyo ilikuja 1836. Mshtakiwa mwenyewe hakuweza kutoa ushahidi wa kiapo hadi 1898. Mahakama ya rufaa ya jinai haikuwepo hadi 1907. Adhabu ilikuwa kifo, kisha mwili utundikwe kwa minyororo karibu na mahali pa tukio. Hili la minyororo lizingatie. Sheria iliyolazimisha miili ya wauaji ipasuliwe na madaktari au itundikwe ilianza kutumika 1752. Mwaka 1750 jaji alichagua kuiongeza.

Mwili ukawekwa ndani ya fremu ya chuma, ukatundikwa njia panda. Huhitaji mzuka kueleza hofu iliyobaki pale. Miili ya namna hiyo iliachwa miaka, ikipigwa na upepo, chuma kikilia, kando ya barabara ambayo magari ya abiria ya farasi yalipita usiku na taa zao. Watoto wa kijiji walikua wakipita chini yake.

Sasa mabaki ya simulizi, moja moja.

Gari la jeneza na farasi wasio na vichwa halikuzaliwa Blythburgh. Ni kipande kinachosafiri. Blickling, Norfolk, wanalo pia, na abiria ni malkia Anne Boleyn aliyekatwa kichwa 1536. Sisi tunaijua tabia hii: kisa cha mwanamke mrembo mwenye kwato hutajwa mji hadi mji pwani yetu, na kila mji huapa kilitokea kwao. Kipande kikikutwa mahali pengi, kiondoe kwenye mizani. Hakisemi lolote juu ya Gill. Kilikuwa na manufaa kwa wengine, hata hivyo: mwenye mkokoteni wa magendo alifaidika sana majirani wakiogopa kuchungulia gari jeusi usiku.

Husimuliwa pia kwamba kabla ya kunyongwa Gill aliomba afungwe kamba shingoni nyuma ya gari la abiria, ili akimbie kuokoa roho yake; ombi hilo nalo ni la simulizi. Liache huko, lakini usilitupe. Linaonyesha kwamba baadhi ya waliosimulia walimwona kama mtu aliyetaka nafasi, kidogo tu.

Jina la nyika ya jirani, Toby's Walks (Toby ni kifupi cha Tobias), huelezwa kuwa ni pale Toby anapotembea usiku. Katika mashamba ya Suffolk neno walk lilikuwa pia na maana ya malisho ya kondoo, na eneo lile ni la malisho ya zamani. Jina linaweza kubeba kumbukumbu yake bila kuwa ushahidi wa mzuka wowote.

Linabaki dai zito kuliko yote: kwamba maiti ya Ann Blakemore haikuwa na jeraha. Wanaomtetea Gill hulitegemea, na hapa ndipo wengi wenye nia njema huteleza, mara mbili. Kuteleza kwa kwanza ni kulihamisha kutoka simulizi hadi safu ya hati na kulitamka kana kwamba limetolewa kwenye ripoti ya daktari. Kuteleza kwa pili ndiko kubaya zaidi: kudhani kutokuwa na jeraha ni kutokuwa na mauaji. Kuziba pumzi kwa kitambaa laini kunaweza kuacha alama hafifu sana nje ya mwili, na wakaguzi wa 1750 hawakuwa na mafunzo ya kuziona. Kwa upande wa pili, mtu anaweza kufa ghafla kwa moyo au kifafa, na mlevi wa karibu akaokotwa kuwa muuaji. Dai hili likiwa kweli, linatosha kutia shaka katika hukumu. Halitoshi kumtangaza hana hatia.

Namna ya kuvisimulia papo hapo

Tenganisha vituo. Kisa cha mbwa kimalizie kanisani, mlangoni, ukiwa umewaonyesha alama na ukaeleza kukwangua kwa makaa. Watoto huishika hiyo kuliko kelele yoyote. Kisha tembea kimya hadi White Hart. Huko anza na askari kulazwa kwa amri, ndipo utaje kifo.

Tumia jina kamili, Tobias Gill. Jina la utani la Black Toby lisitumike kama kichwa cha kisa. Katika masimulizi ya Kiingereza ya karne zile shetani mwenyewe mara nyingi hutokea kama mtu mweusi au mbwa mweusi, na ukitaja mbwa mweusi, kisha Toby mweusi, kisha gari jeusi, msikilizaji ameshamweka binadamu kwenye fungu la wanyama wa kuzimu kabla hujafika kwenye kesi.

Ukitaka kwenda kwenye hati, anzia Ipswich, kwenye hifadhi ya nyaraka za mkoa iitwayo The Hold. Daftari za mahakama ya mzunguko ya Norfolk, iliyojumuisha Suffolk, ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa huko Kew, London. Mwaka 1750 ni mzuri kwa msomaji wa kawaida: tangu 1733 mahakama ziliandika kwa Kiingereza, hutahitaji Kilatini. Tegemea kupata shtaka, jina, hukumu na adhabu; maneno ya mashahidi kwa kipindi hicho kwa kawaida hayakutunzwa. Kumbuka kuongeza siku 11, kwani kufikia karne ya 18 tofauti ya kalenda haikuwa tena siku 10, kwenye kila tarehe ya 1750 ukitaka kuilinganisha na ya sasa.

Na mtafute Ann Blakemore. Mbwa amepewa jina na sanamu inayoonyesha upepo katikati ya Bungay, Gill amepewa nyika na gari. Yeye, ambaye bila kifo chake kusingekuwa na kesi, hana hata mzuka. Husimuliwa kama kitu kilichokutwa kando ya mlevi. Kama alizikwa kwao, mazishi yake yanapaswa kuwa katika rejista ya Walberswick ya kiangazi cha 1750, kabla ya kesi ya Agosti. Nenda safu ya mazishi, ushuke na kidole mstari kwa mstari, na uandike kila neno lililo kando ya jina lake.